Kabla ya Saba Saba kulikuwa na Ngare Nanyuki: watu na matukio ya Arusha na Moshi yaliyoijenga nchi hii

Mwana wa Tengeru

Wakuu, habari za jioni.

Kila Saba Saba na kila Desemba 9 historia ya nchi yetu husimuliwa kana kwamba yote yalitokea kati ya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba. Sina ugomvi na Dar es Salaam, heshima yake iko palepale. Ila sisi tuliozaliwa huku, chini ya Meru na Kilimanjaro, tuna deni kwa watu wetu. Watoto wanapita kwenye majengo na miti yenye historia nzito wakiwahi shule, na hakuna anayewaambia chochote.

Hoja yangu ni hii: kabla TANU haijazaliwa mwaka 1954, wakulima na wafugaji wa huku walikuwa wameshajua kuitisha kikao, kuchanga fedha, kutafuta wakili na kumwambia mtawala hapana. Waliyajifunza hayo kwenye ardhi na kahawa. Chama kilipokuja kiliwakuta wako njiani tayari.

Nianze na ardhi, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuangalia suala la ardhi za Arusha na Moshi. Likatoka pendekezo la kuwahamisha wenyeji ili walowezi wapate eneo moja lililoungana kwa ajili ya ufugaji, huko upande wa Sanya, katikati ya milima miwili. Wameru wa Ngare Nanyuki wakaambiwa waende Kingori, bondeni kwenye joto na mbung'o. Wakakataa. Wakaahidiwa fidia, wakaikataa nayo, kwa sababu ukishapokea fidia umekiri kwamba umeuza.

Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikatiwa moto, mifugo ikaswagwa. Fikirini mzee aliyejenga boma lake kwa mikono yake, anasimama pembeni na wajukuu akiliangalia likiungua, na aliyetoa amri ni serikali ileile anayoilipia kodi ya kichwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike uzi huu. Wameru hawakushika mapanga. Walikaa kikao. Wakachanga. Kisha wakamwendea wakili mmoja mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Earle Seaton. Seaton aliijua sheria ya kimataifa, na alijua jambo moja kubwa: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza ameshikishwa tu na Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi alikuwa na haki ya kwenda kumshitakia mdhamini kwa waliomkabidhi.

Wakamchagua Kirilo Japhet. Mwaka 1952 Mmeru huyo akasafiri hadi New York, Seaton akiwa naye, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kueleza yaliyowapata watu wake. Suala likafika hadi Baraza Kuu, ambako kura zilizowaunga mkono Wameru hazikufika theluthi mbili. Ardhi haikurudi wakati ule.

Nyerere mwenyewe alisimama kwenye baraza lile Machi 1955. Kirilo alikuwa ametangulia kwa karibu miaka mitatu, akiwa mwananchi wa kwanza wa Tanganyika kufika pale. Aliporudi alizunguka mikoani akieleza kesi ya ardhi, na watu wa sehemu nyingine wakaelewa kwamba la Wameru leo litakuwa lao kesho. Ndiyo maana Julai 7, 1954, TANU ilipoundwa, Kirilo alikuwa miongoni mwa wale 17 waasisi, pamoja na Joseph Kimalando wa Moshi. Hakwenda pale kujifunza siasa, alikuwa ameshaifanya.

Kwa maoni yangu mwaka 1952 unastahili kusimama bega kwa bega na 1954 na 1961 kwenye vitabu vya shule. Karibuni tuongeze mengine.

---

Kibo Mweupe

Mkuu, asante kwa uzi. Umeandika vizuri kuhusu Kirilo, lakini kama tunataja waliosema hapana, hatuwezi kuanzia 1951 tukamruka Mangi Meli, yaani chifu wa Wachagga wa Old Moshi.

Meli alirithi kiti Old Moshi baada ya baba yake, Mangi Rindi, kufariki mwaka 1891. Rindi alikuwa mwanadiplomasia, alizungumza na kila mgeni na kupima nguvu zake. Meli alikuwa kijana, na mwaka uliofuata akakabiliana na jeshi la Wajerumani na kulishinda. Kamanda wao, von Bülow, alifia kwenye mapigano yale. Fikirini, 1892, wakati nchi nyingi za Afrika zinamezwa, Wachagga wa Old Moshi wanaliondoa jeshi la Kaiser mlimani! Wajerumani walirudi mwaka 1893 wakiwa na nguvu kubwa zaidi, na safari hiyo Meli akashindwa.

Machi 2, 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, wote 19, kwa tuhuma za kupanga uasi. Mti upo hadi leo. Ukipandia Kiboriloni kuelekea Kidia utafika Tsuduni, watakuonyesha. Nawasihi wazazi mpande na watoto. Mtoto akigusa gome la mti ule hahitaji tena mwalimu wa kumlazimisha asome ukoloni.

Halafu kuna jambo ambalo bado halijaisha. Familia inaamini kichwa chake kilichukuliwa hadi Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, ametumia miaka mingi ya maisha yake kukitafuta. Mwaka 2023 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu kadhaa na vya familia za huku, na moja likaoana na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana kwenye yale yaliyopimwa. Sasa hapo mkuu unaona historia hii si ya zamani. Kuna familia Old Moshi zinasubiri kuzika.

---

BintiUru

Mwana wa Tengeru na Kibo Mweupe, mmenitoa machozi wote wawili.

Mimi niseme kidogo upande wa kahawa, kwa sababu nimekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga. Tukitoka shule tunakuta debe za kahawa mbivu zinatusubiri, unazungusha mashine ya mkono kumenya, unaosha, unaanika kwenye kichanja, na mvua ikinyesha usiku bibi anaamsha nyumba nzima kufunika. Ada yangu ilitoka hapo. Basi nilipokuja kujua kwamba walowezi waliwahi kutaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa ya arabika kabisa, nilikaa kimya muda mrefu.

Walisingizia magonjwa, kwamba mashamba ya wenyeji yataambukiza ya kwao. Ukweli ni kwamba Mchagga mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua kwenye shamba la mtu. Wenyeji wakajibu kwa kuunda chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Walifanya kazi ya kweli: kupuliza dawa mashambani, kuuza kahawa kwa pamoja, na kuitetea haki ya kulima. Mwaka 1933 ndipo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikachukua nafasi, moja ya vyama vikuu vya ushirika vya kwanza vya wakulima Waafrika barani.

Na wakulima wale hawakuwa watu wa kuitikia tu. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya na sheria inawalazimisha kuuza kupitia KNCU pekee, waliandamana na kuvamia maghala ya kahawa. Chama ni chao, lakini kikiwaminya wanakisema hadharani. Mimi naipenda sana tabia hiyo ya babu zetu.

---

Mwana wa Tengeru

BintiUru, dada yangu, umesema jambo ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. Aliyezoea kusoma hesabu za chama chake cha msingi na kuuliza fedha ya msimu imekwenda wapi, huyo hadanganyiki kirahisi kwenye siasa.

Kibo Mweupe, Meli yupo moyoni. Na kumbuka Wameru na Waarusha nao walipoteza viongozi kwenye kitanzi hicho hicho cha mwaka 1900, halafu boma la Wajerumani pale Arusha mjini likajengwa mwaka huohuo. Ndilo lile la makumbusho, juu ya mnara wa saa.

---

Mzee wa Kiusa

Vijana, hamjambo.

Nimesoma yote kwa utulivu. Mnafanya kazi nzuri. Nawaongezea jambo la Moshi ambalo hata watu wa Moshi wenyewe hawalitaji: serikali ya Uganda baada ya Idi Amin iliundwa hapa.

Amin alivamia Kagera mwishoni mwa 1978. Jeshi letu likamrudisha, kisha likaingia ndani ya Uganda. Kufika Machi 1979 ilikuwa wazi kwamba Amin anaondoka, na swali likawa, nani anashika nchi? Mwalimu Nyerere hakutaka ionekane kwamba Tanzania inamweka mtu. Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa na vikundi zaidi ya 20, wengine wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, wengine hawataki hata kusikia jina la Obote, wasomi, wapiganaji, wafuasi wa ufalme kwa upande wao. Serikali yetu ikawakusanya Moshi, kuanzia Machi 24 hadi 26. Walibishana sana, tena kwanza juu ya nani ana haki ya kuingia ukumbini. Mwisho wakaunda umoja wao, UNLF, na mwenyekiti akawa Yusuf Lule, msomi mwenye umri mkubwa ambaye hakuwa na jeshi nyuma yake. Museveni alikuwemo, kijana bado.

Kampala ilianguka Aprili 11. Lule akaapishwa, akakaa madarakani siku 68 tu, wenzake wakamwondoa Juni 20. Hapo ndipo panaponiuma. Walitoka hapa wameshikana mikono, na mkono wa kila mmoja ulikuwa na kikundi chake. Baada ya miaka miwili Waganda walikuwa msituni wanapigana tena.

Nilikuwa kijana wakati wa vita hivyo. Nina wenzangu wa mtaani waliokwenda Kagera hawakurudi. Watu wakisema Moshi ni mji wa watalii na kahawa, mimi nakumbuka vijana hao.

---

Kibo Mweupe

Shikamoo mzee. Pole kwa wenzako. Hili la mkutano wa Moshi nililisikia kwa juu juu tu, hii ndiyo mara ya kwanza naelezwa lilivyokuwa.

---

Mzee wa Kiusa

Marahaba mwanangu.

---

Ngarenaro Moja

Habari zenu wakuu. Naomba niitetee Arusha mjini sasa.

Azimio la Arusha sote tunalijua kwa jina, lakini muulize kijana lilipitishwa wapi, atakwambia AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa. Hapana. AICC haikuwepo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 26 hadi 29, 1967 kwenye jumba la maendeleo la Kaloleni, jengo la kawaida kabisa, ambalo leo ni makumbusho ya Azimio, jirani na mzunguko wa mnara wa mwenge. Likatangazwa Februari 5, na siku iliyofuata benki zikawa mali ya umma.

Watu wanabishana kuhusu benki na mashamba, sawa. Kwangu uzito uko kwenye masharti ya viongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Haya yalisemwa kwa wabunge na mawaziri ambao ndio kwanza wametimiza miaka mitano ya kula matunda ya uhuru! Walikuwemo ambao tayari walikuwa na nyumba za kupangisha. Mwalimu aliwaambia wachague. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa, na kila mtu ajionee mwenyewe tulipo.

Kuhusu AICC yenyewe, lile jengo la mabawa matatu lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Jumuiya ikafa, jengo likabaki. Halafu miaka ya 90 likapata kazi nzito kuliko zote. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa Arusha Agosti 4, 1993, na miezi minane tu baadaye yakatokea yale mauaji. Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama, makao yake yakawa mji huohuo ambao amani ile ilisainiwa.

Septemba 2, 1998, mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Wanawake wa Rwanda walisafiri wakaja kusimulia waliyotendewa, chumba kimoja na mshitakiwa. Wakati huo sisi huku nje tulikuwa tunazungumzia kodi za nyumba zilivyopanda kwa sababu ya wageni. Sheria ya dunia ilikuwa inaandikwa upya mtaa wa pili kutoka sokoni.

---

BintiUru

Ngarenaro Moja, hapo kwa akina mama wa Rwanda nimesoma mara mbili. Asante.

Kwa kuwa umefungua mlango wa wanawake, niongeze jina moja: Sophia Mustafa. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. TANU nusura ivunjike kwa sababu ya sharti hilo, hilo ndilo lililobishaniwa kwenye mkutano wake wa Tabora Januari mwaka ule. Mama huyu aliyekuwa akiishi Arusha aligombea Jimbo la Kaskazini kwa kuungwa mkono na TANU, akashinda. Mwanamke, wa asili ya Asia, anachaguliwa na wakulima wa vijijini kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na nchi bado iko chini ya Mwingereza. Wangapi hapa mmemsikia shuleni?

---

Kibo Mweupe

Mimi sikumsikia, dada.

Wakuu, kuna mtu mnamkwepa. Mangi Mkuu Thomas Marealle. Babu yake, Marealle wa Marangu, alikuwa upande wa Wajerumani wakati Meli ananyongwa, na sisi wa Old Moshi hatulisahau. Lakini mjukuu alikuwa msomi, alichaguliwa na Wachagga wenyewe kuwa Mangi Mkuu mwishoni mwa 1951, akajenga umoja wa mlima mzima ambao haukuwahi kuwepo. Halafu mwaka 1960 Wachagga haohao wakapiga kura kukiondoa cheo chake, na uongozi ukaenda kwa Solomon Eliufoo wa TANU. Mnaonaje, tulimtendea haki?

---

Mwana wa Tengeru

Nitasema ninavyoamini. Marealle aliwapa Wachagga siku yao, bendera yao na fahari yao, na heshima hiyo anastahili. Kosa halikuwa lake peke yake. Wakati ule kila mtu alikuwa anaamka na kudai kura, na cheo cha maisha hakikuweza kukaa pamoja na kura. Watu waliozoea kumuuliza karani wa chama cha msingi fedha ziko wapi wangewezaje kukaa na mtawala asiyeulizwa? Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Wachagga walikuwa wameshaamua la kwao kwa sanduku la kura, bila damu. Naona fahari kwa hilo, kwa wao na kwake pia, maana aliondoka kwa amani.

---

Mzee wa Kiusa

Mwanangu, hapo kwenye kuuliza fedha ziko wapi, usiishie njiani. Serikali hiyohiyo ya wananchi ilifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. KNCU ya tangu 1933, iliyojengwa kwa kahawa ya babu zenu, ikafutwa kwa amri. Mwingereza alijaribu kuitawala, hakuifuta. Nampenda Mwalimu, nilikwenda kumzika, lakini kwa hilo tuliumia. Wakulima waliambiwa wauze kwa mamlaka ya serikali, malipo yanachelewa, watu wakaanza kung'oa mibuni wapande mahindi na nyanya.

---

Mwana wa Tengeru

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na uzi huu ungekuwa pungufu bila neno hilo. Sheria ya kurudisha ushirika ilikuja mwaka 1982, na KNCU ikarudi. Lakini tabia ya kuuliza ikishakatwa kwa miaka sita au minane hairudi kwa kuandikwa kwenye sheria. Wapo waliokua bila kuona mkutano mkuu wa wanachama unavyomtoa jasho meneja.

Na ndiyo maana simwoni Sokoine wa Monduli kuwa mtu wa Wamasai peke yao. Alipokuwa Waziri Mkuu mara ya pili, 1983, alifanya kazi ileile ya kuuliza, kwa nchi nzima: bidhaa ziko wapi, nani kaficha, kwa nini mwananchi apange foleni ya sabuni. Wapo walioonewa kwenye msako ule, hilo nalo tuliseme. Alifariki Aprili 12, 1984 kwa ajali pale Dakawa, na wazee wa hapa walimlilia kama mtoto wao.

---

Ngarenaro Moja

Mkuu, mimi ni mwalimu wa kidato cha pili. Nataka kuwatembeza wanafunzi wangu muhula ujao, ila nina siku moja na gari moja. Nianzie wapi?

---

Mwana wa Tengeru

Mwalimu, kwa siku moja usijaribu Moshi. Anza asubuhi bomani, waone Mjerumani alivyojenga. Kisha Kaloleni, waingie ukumbi wa Azimio, wasome masharti ya viongozi kwa sauti, kila mwanafunzi sharti moja. Halafu baada ya chakula wapeleke Ngare Nanyuki, na kabla ya kufika simamisha gari mahali wanapouona mlima Meru upande wa nyuma, uwasimulie ya Novemba 1951. Mtendaji wa kijiji akipewa taarifa mapema anaweza kukutafutia mzee wa kuzungumza nao. Wabebe madaftari, wazee wa kule hawapendi kurudia.

Gari likipungua mafuta niambie, tutachanga humu humu.

---

Mzee wa Kiusa

Nipo kwenye mchango huo.